Maji ya mtungi yana chumvi, mbona kuchemsha hakusaidii?

Salaam jamaa. Niko Majengo, kisiwani Mombasa, ghorofani. Mfereji ukikauka twanunua mitungi ya mkokoteni. Maji yana chumvi, birika limeota ukoko mweupe, chai hainyweki. Nachemsha mpaka gesi yaniishia. Mbona chumvi haitoki?

— Haitoki, dada. Moto huua vijidudu tu. Mvuke ukipanda chumvi yazidi kukolea. Hayo ni ya kisima, na visima vya kisiwani vingi viko karibu na mashimo ya choo, kwa hivyo usiyanywe hivihivi. Yakitokota dakika moja yatosha, gesi si bure.

— Mimi natia klorini, kipimo kimeandikwa kwenye chupa, nafunika nusu saa. Yakiwa na tope nayachuja kwanza kwa leso safi. Chumvi yataka mashine ya utando unaozuia chumvi, kama za vibanda vya kujaza maji.

— Ahsanteni. Basi ya mkokoteni ni ya kufulia. Na mtungi wenyewe? Ndani una utelezi wa kijani.

— Tia changarawe na maji ya sabuni, utikise haswa, kisha suuza kwa klorini. Na usiuweke juani, ndiko uotako huo ukijani.