MREJESHO: Tanga hadi Pangani kwa miguu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama naweza kutembea pwani kutoka Tanga hadi Pangani, begi mgongoni. Shukrani za dhati kwenu, hasa aliyeniambia niepuke siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) na nitembee maji yakipwa tu. Ni kweli kabisa. Miamba ya matumbawe ina meno: raba zilihimili, makubazi yalikatika mikanda siku ya kwanza.

Ila sikumaliza yote. Upande wa Tongoni mikoko na matope ya magotini yalinishinda, nikarudi barabarani nikachukua bodaboda. Pangani nilipata kitanda chumba cha watu wanne. Jioni tulikaanga vibua na dada wa Ujerumani na kaka wa Mombasa. Asubuhi tukavuka pamoja kwa kivuko hadi kijiji cha Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, tukatembea mpaka Ushongo. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha.