Kasri la Butrón karibu na Bilbao, kuna aliyefika? Kwenda na watoto inalipa?

mama_zuu
Habari zenu wadau. Sisi tunaishi Toulouse huku Ufaransa, likizo ya Pasaka tunashuka Bilbao, Hispania, kwa treni na mabasi maana gari hatuna. Baba watoto akili yake yote iko San Mamés, anataka kuona uwanja wa mpira wa Athletic na wale wachezaji ndugu wawili kina Williams, basi mi na watoto tunatafuta cha kwetu. Sasa juzi nimekutana na picha ya kasri linaitwa Butrón, liko shamba huko Gatika, minara mirefu imechongoka, ukungu, miti imelizunguka, yaani lile lenyewe la binti mfalme aliyelala miaka mia, na Zuu ana miaka saba kaona hiyo picha basi imekuwa wimbo asubuhi na jioni. Shida kila nikisoma nakuta vijineno viwili vitatu, huyu anasema limefungwa, yule anasema zuri ajabu, mtu wa kueleza vizuri hamna. Ndani watu wanaingia? Bila gari tunafikaje? Na ni la kutenga nusu siku au la kupiga picha mbili na kugeuza? Mdogo ana miaka mitatu bado anasukumwa kwenye kigari. Asanteni.

deusto_mkaazi
Karibu sana Bilbao mama Zuu. Ndani huingii, hilo nikwambie mapema usije ukamuahidi mtoto. Ni mali ya mtu binafsi, miaka ya nyuma liliwahi kufunguliwa kwa wageni, siku hizi mlango umefungwa na watu tunaishia nje. Ila hiyo nje ndo yenyewe, unazunguka chini ya kuta, kuna mto Butroe unapita hapo, msitu mnene na katikati ya msitu wa baridi hivi unakuta mitende imepandwa, mi mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Kufika: chukueni metro laini 1 mpaka mwisho kabisa Plentzia, hapo ni mji mdogo wa pwani, kasri liko bara kidogo kutoka hapo. Kwa mguu mtu mzima anafika lakini ni zaidi ya saa na barabara ina magari, na kigari sikushauri hata kidogo. Chukueni teksi Plentzia na kabla hamjashuka kubalianeni na dereva saa ya kuja kuwafuata, maana kule hakuna teksi inayopita barabarani ukapunga mkono, ni mashamba na nyumba za wakulima tu. Mkirudi Plentzia watoto wacheze mchangani, ile ghuba imejifunga vizuri mawimbi hayana fujo, na ufukwe wa Gorliz umeungana nao. Hapo nusu siku yako imejaa bila kujilazimisha.

Viatu vya tope na makoti ya mvua usiache. Huku kuna mvua ya rasharasha wanaiita sirimiri, hata mwavuli unaona uvivu kuufungua na ukifika nyumbani umelowa mpaka soksi.

kisauni_mzee
Mi nitakuwa yule mtu mbaya wa huu uzi. Hilo jengo ni la 1878 jamani! Mimi nimezaliwa Mombasa, ngome nnayoijua ilianza kujengwa 1593 na mizinga ilipigwa kweli kweli, sasa mtu anijengee minara ya urembo kipindi treni zishaanza kutembea afu aniambie kasri, hapana. Hapo si ni kama studio ya kupigia picha. Na hata kuingia huingii. Kama mko Bilbao nendeni Gaztelugatxe, kile kisiwa chenye kanisa dogo juu kabisa na ngazi za mawe zinazopinda juu ya bahari, ngazi 241, ukifika juu unapiga kengele mara tatu. Hicho ndicho kitu cha kuona.

mama_zuu
Mzee wangu shikamoo, ngazi 241 na mtoto wa miaka mitatu anayetaka kubebwa kila baada ya hatua kumi? Labda umbebe wewe 😂

kisauni_mzee
Marahaba mwanangu. Hapo umenishika. Magoti yangu nayo hayataki, nilipanda zamani. Na msimu wa watu wengi lazima mkate nafasi mtandaoni kwanza, ni bure lakini bila hiyo wanawarudisha.

mpiga_ramani
Mzee Kisauni nakuheshimu ila hapo kwenye "studio ya picha" nakataa. Mwaka 1878 ni wa huo muonekano, pale mahali penyewe ni pa zamani sana. Palikuwa na nyumba ya mnara ya ukoo wa Butrón tangu zama za kati, na hao hawakuwa watu wa hadithi za kulaza watoto, walikuwa vinara wa kundi la Oñacino waliopigana vizazi na vizazi na wale wa Gamboa, kuchomeana nyumba na kuuana kwa ajili ya ardhi na heshima. Wale maadui wakaja kuungana mara moja wakati mkubwa mmoja wa ufalme wa Castilla, mwenye cheo cha Kaunti wa Haro, alipotaka kuwatawala, wakamchapa pale Mungia mwaka 1471. Mungia ni jirani kabisa na Gatika, unaweza kuona kwenye ramani. Kwa hiyo damu ilimwagika tu mzee, usiwe na wasiwasi.

Baadaye nyumba ikachakaa ikaachwa. Karne ya 19 mwenye mali akampa kazi Francisco de Cubas, huyu ni yule yule aliyechora kanisa kuu la Almudena kule Madrid, ndiye akaligeuza kuwa hivi unavyoliona. Ilikuwa fasheni ya wakati ule, kule Bavaria mfalme Ludwig alishaanza kujenga Neuschwanstein 1869 na matajiri Ulaya nzima wakatamani minara. Sasa kinachonifurahisha mimi ni kwamba Cubas hata hakujifanya anajenga nyumba ya kuishi. Kuta nene, minara, ngazi, vijia vya juu vya kuunganisha mnara na mnara, halafu nafasi ya mtu kulala na kula ikawa kidogo mno kwa jengo la ukubwa ule. Lilijengwa liangaliwe. Ndio maana mi huwa nawaambia watu wasisikitike kubaki nje, ndani wala hakukuwa ndo lengo, wewe tafuta pembe ambayo minara yote inaonekana juu ya miti, kaa hapo na chai yako ya chupa. Asubuhi ndo nzuri, mchana wa wikiendi watu wanajaa.

hendaye_kwa_hendaye
Mbona hakuna aliyeuliza wanapita wapi? Dada umesema mnatoka Toulouse. Kwa treni mtapita Bayonne mpaka Hendaye mpakani, si ndio? Basi kasri la kuingia ndani mnalipita hapo hapo mkiwa njiani na wengi hawajui. Linaitwa Abbadia, liko juu ya mwamba kando ya bahari upande wa Ufaransa, bado ni nchi ya Wabasque ile ile, kama huko Bilbao. Na hili lina kwetu ndani yake, sikilizeni.

Mwenyewe aliitwa Antoine d'Abbadie, alizaliwa Dublin 1810, mama Muairishi baba Mbasque. Yeye na mdogo wake walikwenda Uhabeshi miaka ya 1830 wakakaa huko kama miaka kumi, akipima milima na kuchora ramani, kukusanya miswada ya Kigeez, lugha ya kale ya huko, akaja kuandika mpaka kamusi ya Kiamhari. Alipotulia akajijengea kasri kuanzia 1864, mchoraji ni Viollet-le-Duc, yule fundi mkubwa wa Ufaransa aliyekarabati Notre-Dame ya Paris, na kazi akaimalizia mwanafunzi wake Duthoit. Nje sasa, badala ya simba na tai kama wenzake, mzee kaweka mamba, nyani, tembo, nyoka, konokono anapanda ukutani. Mwanao hatatoka hapo, atataka kuwahesabu wote.

Ndani kuta zimechorwa maisha ya Uhabeshi, watu na mavazi yao na shughuli zao, na maandishi kila mahali, Kibasque, Kilatini, Kiairishi, Kiarabu, Kihabeshi. Kile chumba cha kulia ndo mi nakipenda kuliko vyote. Kila kiti mgongoni kina herufi moja ya Kihabeshi, ukivipanga viti vyote unapata sentensi ya kumuomba Mungu asiwepo msaliti kwenye hii meza. Hebu fikiria umealikwa chakula umekalia herufi yako na wala huwezi kuisoma!

Afu alikuwa mtu wa sayansi hasa, kasri lina chumba cha darubini ya kupimia nyota na kazi ile iliendelea mpaka karne ya 20, maana alilirithisha kwa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Kuna hadithi moja pale naipenda. Alitoboa tundu limepita ukuta kwa ukuta jengo zima, limelenga mlima Larrun, akitaka kupima mwanga unavyopinda hewani. Kazi yote ile, siku ya kuchungulia hakuona kitu. Badala ya kuziba aibu akaandikisha hapo kwenye jiwe kwa Kibasque kwamba hatukuona, hatukujifunza. Wasomi wangapi wanaweza hilo leo?

deusto_mkaazi
Aisee mi nimekaa huku miaka na hiyo ya viti sikuijua.

binti_wa_asmara_road
Nimefika Abbadia mwaka jana na niongeze kitu kimoja ambacho kaka hapo juu kakipitia mbali. Kuna sanamu ya kijana wa Kihabeshi pale chini ya ngazi, ameshika taa. Wageni wengine wanapita wanapiga picha, mi nilisimama muda. Kwa upande mmoja huyu bwana aliheshimu lugha zile kuliko wazungu wengi wa wakati wake, unaona kabisa alijifunza na hakudharau, kwa upande mwingine ni mtu mweusi kawekwa nyumbani kwa tajiri amulike ngazi. Na miswada aliyokusanya, zaidi ya mia mbili, iko Paris kwenye maktaba ya taifa mpaka leo. Sisemi msiende, nendeni, ni pazuri mno, ila mtoto wa miaka saba atauliza yule ni nani na kwa nini ameshika taa, mama Zuu ujipange na jibu.

mama_zuu
Asante dada, hilo la sanamu nashukuru umeniambia mapema. Zuu anauliza mpaka unatamani kujificha. Jamani sasa hii imekuwa safari nyingine kabisa, baba watoto nimemsomea ya tundu la ukutani kacheka mpaka basi. Kutoka kituo cha Hendaye mpaka Abbadia ni mbali? Na tukishamaliza tunaendaje Bilbao?

hendaye_kwa_hendaye
Kama kilomita tatu, na mwishoni ni mlima, kwa sababu ya kigari chukueni basi la mji au teksi. Mabegi ulizieni mapema pa kuyaacha, msije mkayavuta kwenye mlima. Saa za kufungua zinabadilika kulingana na msimu kwa hiyo angalieni kabla hamjakata tiketi ya treni. Nje ya kasri kuna eneo la hifadhi, mbuga za majani juu ya bahari, watoto wanakimbia ila mwambao ni mwamba umekatika wima, mshikeni mdogo.

Mkitoka hapo, pembeni kabisa ya kituo cha Hendaye kuna kituo kingine kidogo cha treni za Euskotren, watu wanaiita Topo, hiyo inawavusha mpaka San Sebastián kwa muda mfupi tu. Kutoka San Sebastián pandeni BASI kwenda Bilbao, ni kama saa na robo. Msidanganyike na treni ya pale kwenda Bilbao, inapita kila kijiji, masaa mawili na nusu, mandhari nzuri lakini na watoto mtajuta. Na vitambulisho vya ukaazi viwe mfukoni, si kwenye begi la chini, mpakani hapo ukaguzi upo hasa mnaporudi upande wa Ufaransa.

nyali_foodie
Hakuna aliyesema habari ya kula, mnashangaza. Kama hamli nguruwe muwe macho maana huku ham inapachikwa hata mahali hukutarajia, vile vitafunio vya kaunta vinaitwa pintxos uliza kila kimoja kabla hujachukua. Salama yenu ni chapati nene ya mayai na viazi, samaki wa anchovi, chewa wa kupikwa na vitunguu saumu na mafuta ya zeituni ule mchuzi mzito wanaita pil-pil, na jibini ya kondoo ya Idiazabal. Pilipili ndogo za kijani za Gernika zinakaangwa na chumvi, haziwashi kabisa, watoto wanakula. Na mkae mkijua chakula cha mchana mezani ni kuanzia saa saba unusu saa nane, mkienda saa sita jiko bado halijawashwa.

kisauni_mzee
Haya nimeshindwa kwa Butrón, na hilo la Abbadia limeniingia, nitalitafuta. Ila mwambie baba watoto kama ni wa Manchester United asiende San Mamés, pale ndipo walipofungwa na Tottenham moja bila fainali ya Europa 2025, atapata homa.

mama_zuu
Mzee ni wa United 😂😂 simwambii, aende akumbuke mwenyewe. Basi mpango: siku ya kwanza tunashuka Hendaye, Abbadia, jioni Bilbao. Siku ya pili yeye uwanjani, sisi Plentzia na teksi mpaka Butrón. Zuu nimeshamwambia kwamba la kuingia ni lile lenye mamba na hili lingine tunaliangalia kwa nje, amesema sawa ila anataka kujua nani ana funguo.

deusto_mkaazi
Mpango mzuri. Mkifika Bilbao nunueni kadi ya Barik kwenye mashine ya kituo chochote cha metro, moja inatosha familia, unaigonga mara moja kwa kila mtu, na MNAPOTOKA mnagonga tena, msije mkaitupa. Plentzia wengi wanashuka na watoto na vigari, kaeni mabehewa ya mbele mapema maana jua likiwaka Bilbao nzima inahamia huko.