Mrejesho: Datsun 240Z iliyokuwa inakosa pumzi

Wakuu, niliuliza humu kwa nini 240Z yangu, gari la michezo la zamani la Kijapani, inakosa nguvu mlimani injini ikishapata moto. Wengi mlisema nifunge kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) tatu za kampuni ya Weber. Sijafunga, na haikuhitajika.

Tatizo lilikuwa joto. Kwenye injini ya gari hili, L24, manifoldi (mabomba yaliyoshikana na injini) ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi ziko upande mmoja, kwa hiyo kabureta zinakaa juu ya moto. Mwenye gari wa zamani aliondoa boksi la chujio la hewa akaweka vichujio vya wazi, vikawa vinavuta hewa ya moto chini ya boneti. Hewa ya moto ni nyepesi, silinda haishibi vizuri.

Fundi amerudisha boksi, akavuta bomba mpaka mbele ya rejeta na kuweka bati la kukinga joto. Kisha akachomeka mpira mwembamba sikioni, akasikiliza hewa ikiingia na kurekebisha kabureta moja baada ya nyingine mpaka mvumo ukalingana.

Aisee, mlima Kitonga napanda gia ya tatu bila kukohoa! Gari la aina iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973 linastahili kupumua hivi. Ahsante sana uliyesema nianze na bomba la hewa kabla ya kununua chochote.