Ajansi imenilipisha alama za vidole za mtoto wa miaka 9!

Wandugu wa Lubumbashi, nina hasira na leo sitanyamaza.

Mdogo wangu anaoa Montréal mwezi wa nane. Alitutumia mwaliko, mimi na binti yangu wa miaka 9. Mimi ni fundi wa sima, yaani saruji, mambo ya kompyuta siyawezi, nikapeleka karatasi zote za kuomba viza ya Kanada kwenye ajansi moja hapa mjini. Wakataka dola 300 za kazi yao, nikatoa. Baadaye wakaniita tena: "Papa, bado alama za vidole. Dola 85 za Kanada kila mtu, na wote wawili lazima mfike Kinshasa." Nikatoa 170. Nikanunua tike mbili, kwenda na kurudi. Mnajua wenyewe ndege ya kutoka Luano kwetu hadi N'djili ya Kinshasa inavyokamua mtu, na barabara ya kusema utapanda basi hatuna.

Kanada inakutumia barua ya maagizo ya alama za vidole, na inakupa siku 30 tu uwe umeenda. Ajansi wameikalia wiki tatu! Wameituma kwa WhatsApp usiku wa kuamkia safari, na mimi mjinga nikaitolea kopi Kinshasa bila kuisoma.

Tukafika mlangoni pa kituo cha viza mapema kupita kiasi, kwa sababu saa yangu ya mkononi ilikuwa bado ya Lubumbashi, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Hilo ni langu, simlaumu mtu.

Zamu yetu ikafika. Dada wa dirishani akanisemesha Kilingala, nikamjibu kwa Kifaransa changu cha shantiye, cha kwenye ujenzi. Akasoma barua, akamtazama mtoto: "Papa, huyu amekuja kufanya nini?" Kumbe Kanada haichukui alama za mtoto aliye chini ya miaka 14, wala hazilipiwi. Barua ina jina langu peke yangu. Risiti imeandikwa 85. Sasa 85 nyingine iko kwenye mfuko wa nani?

Haya, zamu ya vidole. Unaweka vinne vya kulia kwenye kioo, vinne vya kushoto, halafu gumba mbili. Dakika chache tu, kama una vidole. Mimi miaka 20 sima inanila ngozi, ncha zimekuwa laini kama ganda la yai, na cha shahada cha kulia kina mpasuko. Mashine ikakataa. Akanipa kitambaa chenye maji, nikapangusa, ikakataa. Akanibonyezea vidole kwa mkono wake, ikakataa. Akaniambia nirudi kesho, nipake mafuta usiku. Ndege yetu ilikuwa jioni ile ile! Nikalipa kubadilisha tike mbili, moja ya mtoto asiyehitajika, nikalipa na chumba. Usiku kucha nimelala na vazelini ndani ya mifuko ya plastiki niliyofunga mikononi, binti yangu anacheka mpaka anakohoa. Asubuhi mashine ikakubali mara ya pili.

Ajansi walijua kazi yangu, wao ndio waliojaza fomu: "maçon", yaani mwashi. Hawakuweza kusema, papa, acha sima wiki mbili kabla, pakaa mafuta, ukikata kidole ngoja kipone kwanza? Ndiyo kazi niliyowalipia 300!

Jumatatu nimeenda kudai. Yule kijana hata hakuinuka kwenye kiti. Eti ile 85 ni "gharama za dosye ya mtoto". Nikamwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi na apige muhuri. Akasema muhuri uko kwa patroni, na patroni amesafiri.

Nani mwingine amelipishwa mtoto namna hii? Leteni risiti zenu. Alhamisi narudi pale, sitaki kwenda peke yangu.