CASE ileile mara nne ndani ya kwiri moja: mnaipunguzaje?

Mtunza_Ripoti
Wakuu, natumia hifadhidata ya PostgreSQL. Kwenye kwiri (ombi la data) ya ripoti yangu, kila mkopo unapangiwa kundi kwa CASE, yaani orodha ya masharti ambayo la kwanza lililo kweli ndilo linaloamua, kulingana na siku ulizochelewa:

```
CASE
  WHEN siku_kuchelewa <= 0 THEN 'salama'
  WHEN siku_kuchelewa <= 30 THEN 'angalizo'
  WHEN siku_kuchelewa <= 90 THEN 'tete'
  ELSE 'sugu'
END
```

Kipande hiki kipo kwenye SELECT, WHERE, GROUP BY na ORDER BY. Tena kimenakiliwa kwenye ripoti nyingine kadhaa. Hiyo 90 ikigeuka 60, nitaisaka mpaka lini?

kamba_na_fundo
Mkuu, anza na CTE, yaani kwiri ndogo yenye jina inayotangulia kwiri kuu. Iandike CASE mara moja kwenye WITH, ipe lakabu (jina la mkato) `kundi`, halafu kwiri ya nje itumie jina hilo tu. Kwenye GROUP BY na ORDER BY, PostgreSQL inakubali lakabu hata bila CTE. Inayokataa ni WHERE, kwa sababu inachakatwa kabla ya SELECT. Usihofie kasi: tangu toleo la 12, CTE ya kawaida inayotajwa mara moja huunganishwa na kwiri kuu.

Safu_ya_Tano
Au LATERAL, yaani kwiri ndogo ndani ya FROM inayoweza kusoma safu za jedwali lililotangulia, kama kuna hesabu inayotegemea hesabu nyingine na hutaki kuzungushia kwiri nzima. Kwenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ni CROSS APPLY.

JedwaliKwanza
Hizo zote zinatibu kwiri moja. Mwenzenu kasema ripoti ni nyingi, kwa hiyo CTE atainakili vilevile alivyonakili CASE. Mipaka ni data, iweke kwenye jedwali:

```
CREATE TABLE makundi (
  siku int4range NOT NULL,
  kundi text NOT NULL,
  mpangilio int NOT NULL,
  EXCLUDE USING gist (siku WITH &&)
);
```

Kisha `LEFT JOIN makundi m ON m.siku @> k.siku_kuchelewa`. Hapo `m` ni makundi na `k` ni jedwali lako la mikopo. Kundi la 'tete' linakuwa `[31,91)`, yaani 31 hadi 90. Ule mstari wa EXCLUDE usiuache: mipaka miwili ikipandana, mkopo mmoja unatoka mara mbili na jumla inavimba kimyakimya. Pengo kati ya makundi haulizuii, hilo likague mwenyewe. Na `mpangilio` inakuondolea CASE ya kwenye ORDER BY.

Mtunza_Ripoti
Nimekupata. Na safu inayojikokotoa yenyewe (GENERATED), au fanksheni?

kamba_na_fundo
Safu ya GENERATED ni nzuri iwapo siku za kuchelewa zimehifadhiwa. Kama unazipata kwa kutoa tarehe ya mwisho kwenye CURRENT_DATE (tarehe ya leo), itakataa, maana inataka usemi usiobadilika. Fanksheni fupi ya lugha ya SQL haina shida hapo kwako. Kwenye SQL Server ndiyo ingekuwa kesi: kabla ya toleo la 2019 fanksheni za namna hiyo zilitekelezwa upya kwa kila rekodi, na kwiri ikawa nzito.

bi_null
Samahanini, mbona hakuna aliyeigusa ELSE? `siku_kuchelewa` ikiwa NULL, yaani haina thamani yoyote, hakuna WHEN inayokuwa kweli, kwa hiyo mkopo usio na taarifa unaitwa sugu. Kwa LEFT JOIN ya JedwaliKwanza utapata kundi tupu, angalau unaliona. Kwa JOIN ya kawaida mkopo unapotea kabisa. Amua kwanza unataka lipi, ndipo uhamishe.

Safu_ya_Tano
Mimi kwa jedwali bado nasita. Mtu akibadilisha mipaka leo, ripoti ya mwaka jana ukiifungua tena inasoma vingine. Itabidi uongeze tarehe za kuanza na kuisha kutumika, na JOIN inazidi kunenepa. Kwa makundi manne, CASE moja ndani ya VIEW (kwiri iliyohifadhiwa kwa jina, ripoti zote zikaisoma kama jedwali) inatosha, na mabadiliko yanapita kwenye Git, kumbukumbu ya matoleo ya msimbo, mtu akiyaona.

JedwaliKwanza
Ukibadilisha VIEW, ripoti ya mwaka jana si inabadilika vilevile? Tofauti ni kwamba jedwali unaweza kulitilia tarehe bila kugusa msimbo wa kila ripoti.

Safu_ya_Tano
Hapo kweli. Basi swali ni nani anayebadilisha mipaka. Kama ni idara ya mikopo, jedwali. Kama ni sisi wenyewe, mara moja moja, VIEW.

Mtunza_Ripoti
Ni sisi. Naanza na VIEW, na NULL naipa WHEN yake ya kwanza kabisa: 'haijulikani'. Shukrani bi_null, naenda kuhesabu ni mikopo mingapi iliyoitwa sugu bure.