Tupeane uzoefu: kuchagua kompyuta ya baiskeli, tuangalie nini kabla ya kulipa

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Swali la "nichukue kompyuta gani ya baiskeli" (kile kifaa kidogo cha usukani kinachoonyesha spidi na umbali) halichoki kurudi, na majibu yake huwa majina ya kampuni tu. Kwenye uzi huu tuwekeane vitu vinavyoshikika: kipimo, namna ya kufunga, kasoro na chanzo chake. Hadithi za nani kapanda mlima gani zina uzi wake.

Naanza na boksi. Ukiona limeandikwa "kazi 22", hesabu kwanza kifaa kinapima vitu vingapi. Kwenye kile cha bei ya chini kabisa kuna sumaku moja kwenye spoki na swichi moja kwenye foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele. Kila sumaku ikipita, swichi inajifunga mara moja. Kutokana na huo mdundo mmoja unapata spidi ya sasa, wastani, spidi ya juu, umbali wa leo, umbali wa jumla, muda wa kuendesha, kalori za kukisia, na kimshale cha kukuambia uko juu au chini ya wastani. Ongeza saa na kipimajoto, tayari umefika kumi. Ni kitu kimoja kimekatwa vipande. Kwa hiyo uliza "ina sensa zipi", usiulize "ina kazi ngapi".

Sensa zenyewe ni chache: mzunguko wa gurudumu, setelaiti, kipima mgandamizo wa hewa kwa ajili ya mwinuko, mzunguko wa pedali, mapigo ya moyo, na kipima nguvu kwa wati. Amua zipi utaziangalia ukiwa barabarani, zilizobaki zisikupandishie gharama.

Spoki36

Mkuu umeanza vizuri. Mimi niongezee mzingo wa tairi, yaani umbali ambao gurudumu linakwenda kwa mzunguko mmoja, maana hapo ndipo kompyuta nyingi zinasingiziwa uongo wakati kosa ni la aliyeingiza namba.

Namba za kuanzia kwa milimita, kulingana na saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 700x25C ni 2105, 700x28C ni 2136, 700x32C ni 2155, 26x2.0 ni 2055, 29x2.1 ni 2288. Kifaa kikiwa kimetoka kiwandani na 2105 ukakifunga kwenye baiskeli ya 29x2.1, utaenda kilomita 100 na skrini itakuonyesha 92. Ukiweka ya 28C kwenye tairi ya 25C kosa ni dogo, kama kilomita moja na nusu kwa kila 100, ila linajilimbikiza kwenye umbali wa jumla.

Hata hivyo jedwali ni makisio. Upana halisi wa tairi hubadilika kulingana na rimu na upepo. Pima mwenyewe hivi: jaza upepo kama unavyoujaza siku zote. Simamisha baiskeli mahali tambarare, valvu ya gurudumu la mbele ikiwa chini kabisa, na uchore alama ya chaki sakafuni chini yake. Panda, ukae kwenye siti kabisa, mwenzako akushike ubavuni. Songa mbele polepole kwa mstari ulionyooka mpaka valvu irudi chini mara tatu, chora alama ya pili. Pima kati ya alama kwa milimita, gawanya kwa 3. Kuzungusha mara tatu kunapunguza kosa la jicho pale valvu inapofika chini.

Kupima kipenyo na kuzidisha kwa 3.14 bila mtu juu ya baiskeli ni kosa. Tairi ikibeba uzito inabonyea, na umbali wa mzunguko mmoja unapungua kidogo.

Halafu soma kifaa kinataka nini. Kingine kinataka milimita (2105), kingine sentimita (211), kingine kipenyo kwa milimita, yaani mzingo ugawanye kwa 3.14. Ukiingiza mzingo mahali pa kipenyo utasafiri kwa spidi ya pikipiki bila jasho.

UpepoWaMbele

Haya ya sumaku na waya yasidharauliwe, kwa mtu anayetaka spidi na umbali tu yanatosha kabisa na betri bapa ya CR2032 inakaa miezi mingi.

Kufunga: sumaku na sensa visizidi milimita 5 kati yao, mimi nasema 2 hadi 3. Sensa nyingi zina mstari au alama mwilini, sumaku ipite hapo hapo, si katikati ya plastiki. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kukaza kabisa. Kama inasoma polepole lakini inakata ukienda kasi, shusha sumaku na sensa kuelekea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Karibu na habu sumaku inapita taratibu zaidi, swichi inapata muda wa kujifunga. Kumbuka kwa 2105 na spidi ya 30 gurudumu linazunguka karibu mara 4 kila sekunde.

Waya uzungushie kwenye kebo ya breki ya mbele, kisha ufunge kwa vibanio vya plastiki. Kosa la kawaida ni kuuvuta ukanyooka. Geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na kama foku ina shokapu ibonyeze mpaka mwisho: waya ubaki na ulegevu katika hali zote tatu. Usipoacha ulegevu unakatikia ndani, pale unapojikunja juu ya foku, huku ganda la nje likionekana zima. Dalili yake ni spidi inayopotea ukikata kona tu.

Spoki bapa za kasi hazipokei sumaku ya skrubu ya kawaida, tafuta ya kubana au ya kuvalisha. Na anayefanyia mazoezi kwenye stendi ya ndani asifunge sensa mbele, gurudumu la mbele halizunguki.

GiaKubwa

@UpepoWaMbele na zile zisizo na waya je? Watu wanachanganya aina mbili.

Zipo zinazotuma mdundo mtupu wa analojia, usio na namba ya utambulisho. Hizi ndizo zinazoonyesha spidi 70 umesimama: taa ya LED ya mbele, nyaya za umeme au baiskeli ya jirani yenye kifaa cha aina hiyo vinaingilia. Umbali wake wa kupokea pia ni mfupi, takriban sentimita 60 hadi 70, kwa hiyo ukiweka kompyuta mbele ya usukani na sensa chini kabisa ya foku unaweza kuwa umeshatoka nje ya mpaka. Sogeza taa upande mwingine wa usukani kabla hujakirudisha dukani.

Za dijitali, zinazotumia ANT+ (mawasiliano ya redio ya vifaa vya michezo) au Bluetooth, kila sensa ina namba yake na kompyuta inasikiliza hiyo tu. Tofauti ya hizo mbili ni muhimu. ANT+ inatangaza kama redio, vifaa vingi vinaweza kusikiliza kwa pamoja. Bluetooth inashikana, na sensa nyingi zinakubali kifaa kimoja au viwili tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu anaunganisha mkanda wa moyo (ule wa kifuani wa kupima mapigo) na simu, halafu kompyuta "haiuoni". Mkanda ni mzima, simu ndiyo imeushikilia. Funga programu ya kwenye simu, futa muunganisho kwenye Bluetooth ya simu, kisha uunganishe kutoka kwenye menyu ya kompyuta yenyewe. Sensa yenye njia zote mbili inakuondolea tabu hii.

Mkanda wa moyo ukisoma ovyo dakika kumi za mwanzo, lowanisha zile sehemu za kugusa ngozi. Ukishatoka jasho unatulia wenyewe.

Mwinuko

Naomba nikae kwenye setelaiti na mwinuko, hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea.

Kwanza, kifaa chenye setelaiti hakiondoi haja ya sensa ya gurudumu. Chini ya miti mizito, kati ya majengo marefu au kwenye njia ya kona kona, alama zinazorekodiwa zinakata kona na umbali unatoka mfupi. Spidi ya setelaiti nayo inachelewa kidogo ukipiga breki au ukiondoka. Sensa ndogo ya kufunga kwa mpira kwenye habu inamaliza hayo, na kompyuta nyingi zenye setelaiti zinajipimia mzingo wa tairi zenyewe safari ya kwanza. Weka kurekodi kila sekunde 1, achana na ile "rekodi ya busara" inayoruka alama ili kuokoa nafasi. Na usibonyeze kuanza kabla haijashika setelaiti, utakosa mwanzo wa safari au utapata mstari ulionyooka unaopita juu ya mapaa ya watu.

Pili, mwinuko. Kifaa kisicho na kipima mgandamizo kinatumia setelaiti, ambazo kwa kwenda juu na chini ni dhaifu kuliko kwa kwenda mbele. Mlima mdogo unapotea, tambarare inaota vilima. Kama unataka asilimia ya mteremko au jumla ya mita ulizopanda, chukua chenye kipima mgandamizo, hakuna ubishi.

Lakini nacho kina tabia zake. Karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali 1 (kizio cha mgandamizo wa hewa) ni kama mita 8. Hali ya hewa ikibadilika na mgandamizo ukashuka hektopaskali 3 ukiwa njiani, kifaa kitaamini umepanda mita 24 hivi hata kama hujasogea. Kwa hiyo ingiza mwinuko wa mahali unapoanzia, na kiache nje dakika chache kizoee joto la hewa kabla ya kuondoka.

Geuza kifaa uone chini: kuna tundu dogo, au vitundu viwili vitatu. Hapo ndipo hewa inapoingia. Tone la mvua au chumvi ya jasho ikiziba, mwinuko unaganda kwenye namba moja, kisha unaruka mita 30 kwa mpigo. Suuza kwa maji safi, pangusa, kiache kikauke chenyewe. Usichomeke sindano, nyuma ya tundu kuna utando mwembamba na ukitoboka maji yanaingia ndani. Wala usipulize kwa pampu.

Spoki36

Kwenye maji niongezee. IPX7, ile alama ya kuzuia maji iliyoandikwa kwenye kifaa, maana yake kinavumilia kina cha mita 1 kwa dakika 30, maji yakiwa yametulia. Haina maana ya mashine ya kuoshea magari. Kivue kabla ya kuosha baiskeli. Na kama tundu la chaji lina kifuniko cha mpira, kikague: kikibaki wazi nusu, IPX7 imekufa.

GiaKubwa

Skrini. Ya kugusa inapendeza dukani. Mvua ikinyesha matone yanakubadilishia kurasa, na glovu nyingi haziitikii. Kwa anayeendesha hali zote, vitufe, au angalau chenye vyote viwili. Ukiweza kijaribu nje kwenye jua kali, taa ya skrini ikiwa imezimwa. Zile zinazorudisha mwanga wa jua zinasomeka bila taa na zinaokoa chaji, zile zenye rangi kali za kama simu zinakula betri.

Usijaze ukurasa. Namba 4 hadi 6 zinasomeka ukiwa kasi, 10 ni kutafuta ajali. Kwa wati weka wastani wa sekunde 3, ya papo hapo inarukaruka haisomeki.

Saa za betri zilizoandikwa zimepimwa bila ramani, taa ikiwa chini, sensa chache. Mimi hupanga kwa theluthi mbili ya kilichoandikwa. Kwa safari za siku nzima uliza kama kinaendelea kurekodi kikiwa kwenye pawabanki. Vingine ukichomeka kebo ya data vinadhani vimeunganishwa na kompyuta ya mezani na vinasimamisha rekodi. Ijaribu nyumbani na kebo ile ile utakayobeba.

UpepoWaMbele

Kuongozwa njia: kuna kinachochora mstari mtupu kwenye skrini nyeupe, kuna chenye ramani, na kuna chenye ramani kinachoweza kupanga njia upya ukipotea bila simu. Hivi vitatu vyote huuzwa kwa neno moja, "navigesheni". Omba uonyeshwe.

Njia unaipakia kwenye kifaa kama faili, la GPX au TCX. Faili la GPX la aina ya traki ni alama za mahali tu, mara nyingi halina maelekezo ya kona. TCX inaweza kubeba maelekezo hayo ndani yake, kwa hiyo kwa kifaa cha mstari mtupu pakua TCX. Njia ikijikata yenyewe kama namba 8, vifaa vya chini huchanganyikiwa pale katikati. Igawe mafaili mawili.

Mleta mada

Asanteni wakuu. Kabla hatujaendelea, kishikio cha kufungia kompyuta kwenye usukani nacho. Usukani mwingi wa sasa ni milimita 31.8 karibu na shingo, wa zamani ni 25.4 au 26.0, utahitaji mpira wa kujazia. Vishikio vya robo mzunguko vya kampuni za Garmin na Wahoo vinafanana kwa macho ila meno yamegeuzwa nyuzi 90, usilazimishe, yanavunjika. Chagua kifaa ambacho meno yake yanabadilishwa kwa skrubu, na kifungie kamba ya usalama kwenye usukani.

Mwinuko

Na ile ya betri bapa: nyingi zinafuta umbali wa jumla na mzingo wa tairi ukibadilisha betri. Andika namba zote mbili kwenye karatasi kabla ya kufungua kifuniko, na angalia kwenye maelezo kama kinaruhusu kuingiza umbali wa jumla upya. Vingine haviruhusu, unaanza sifuri.