Mifano kwenye miongozo ya programu: iwe mifupi, au ukiinakili iwake?

Wa Uyole: Wakuu, mwongozo unakupa mistari mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu. Ukiinakili inagoma, NameError (jina halijulikani), kisa mstari wa import, ule wa kuita maktaba inayotumika, haukuwekwa. Sisi tunaojifunza wenyewe huku Mbeya kwa bando la kuungaunga, mfano wa hivyo unatusaidia nini? Kila mfano uwe kamili.

Forest ya Zamani: Sikubali. Mfano unaonyesha jambo moja. Ukianza kufungua faili na kukamata makosa, jambo lenyewe linazama. Vijana mmezoea kutafuniwa. Asiyeweza kujazia mistari miwili akalime viazi.

Binti Kihesa: Akalime viazi? Mzee wangu, viazi ndivyo vilivyonisomesha. Kuchagua mbegu, kuwahi dawa ya ukungu kabla mvua haijakupiga shamba zima, hiyo ni kazi ya asiye na akili?

Kabwe: Mwambie dada! Halafu ukivuna, mnunuzi anakuja na lumbesa. Sheria imesema gunia lisizidi kilo 100, yeye anashonea kilemba juu na bei ni ileile.

Wa Uyole: Jamani, viazi vina uzi wake. Hoja ya urefu ina dawa. Kwenye Rust, lugha nyingine ya programu, mstari wa mfano unauanza na alama ya #, msomaji haoni, lakini amri ya cargo test inaujaribu pamoja na mfano wote. Python nayo ina doctest ya kujaribu mifano.

Tukuyu Juu: Hapo kwenye kujaribu ndipo penyewe. Python 2 ilifungwa Januari 2020, na bado kuna kurasa zinafundisha print bila mabano, mtindo wake ambao Python 3 inaukataa. Mfano ungekuwa unajaribiwa, ungeshaumbuka zamani.

Forest ya Zamani: Binti, sijamtukana mkulima, baba yangu alilima Isongole. Wa Uyole, hiyo mistari iliyofichwa, msomaji anayenakili kwenye ukurasa anaipata? Si anabaki na vipande vilevile unavyovilalamikia?

Binti Kihesa: Kama baba alilima, ndiyo ungejua zaidi. Sema samahani, yaishe.

Kabwe: Hivi Isongole wanapima kwa mzani siku hizi? Kwetu dalali bado anapima kwa macho.

Forest ya Zamani: Mzani upo. Dalali hautaki.

Binti Kihesa: Na ninyi mnamuuzia hivyohivyo?